Uso Wangu Ukutani Kwako

Mwana wa ami yangu Omari,

Mungu akurehemu. Mimi bado.

Ukiona nimeshika kalamu ujue kuna jambo, maana shule niliiacha darasa la nne na haikunitafuta. Jana nilikuwa sebuleni kwako. Sebuleni, si barazani. Nimekalia kiti chako cha mito ya kijani, nikanywa kahawa kwa kikombe chako. Usigeuke huko kaburini, utajiumiza bure. Sikiliza kwanza.

Waikumbuka ile Idd tuliyokwenda kupigwa picha kwa Fundi Jamali? Kile chumba cha chini, ukitoka Kibokoni kuelekea mjini, dirisha la kioo limejaa maharusi. Siku hizi huuzwa makava ya simu pale. Babake Fundi alikuja kutoka Bombei na lile pazia la kuchora: ngazi za marumaru, ziwa, na mabata wawili weupe, shingo zimepinda. Mtaa mzima ulipigwa picha mbele ya ziwa lile. Mabibi zetu, mashekhe, makuli wa bandarini, wote wana kasri moja. Na ile simu nyeusi juu ya meza, isiyokuwa na waya! Kila kijana aliiweka sikioni akakunja uso kama aliyepigiwa na gavana.

Koti la studio nalo lilikuwa moja, la kijivu, pana kama hema. Fundi alilibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, na mbele ukaonekana mwana wa tajiri. Ulilivaa wewe kwanza, ukalijaza jasho, kisha nikalivaa mimi likiwa bado lina moto wako. Kiti kile kile, simu ile ile, mabata wale wale. Tofauti yetu ilikuwa sura tu, na kwenye sura, Omari, Mungu alipofika kwako alikuwa amechoka.

"Kidevu juu, bwana mdogo," Fundi akaniambia. "Usicheke sana, utatisha wakwe."

Kwao Bara Hindi, alitusimulia huku akisogeza taa, picha ya studio ndiyo hutangulia posa. Mtu huoza bintiye kwa kipande cha karatasi, kwa hiyo mpiga picha ana dhamana kama kadhi. Mimi nilicheka. Wewe ulikuwa wasikiliza.

Fundi akaniahidi kunifutia hili kovu la nyusi, ulilonitia wewe kwa jiwe tukiwa watoto. Ndio uliokuwa ufundi wao: penseli iliyochongwa kama sindano inagusagusa negativu, ile filamu ya picha, ndui zapotea, makovu yapotea, kisha mashavu yapakwa waridi kwa brashi ndogo. Mtu akitoka pale hata mamake humwomba radhi akidhani ni mgeni.

Na mamangu, wajua, alishapiga msumari ukutani kabla picha haijaiva.

Nilipoifuata, Fundi akasema, "Nduguyo keshazichukua zote mbili."

Nikakujia. "Yako imeharibika," ukaniambia bila kupepesa. "Umefumba macho. Nimeitupa nisikuaibishe."

Nikakushukuru, mimi mpumbavu! Nikakununulia na sharubati.

Kumbe uso wangu ulikuwa umeshapanda basi kwenda Malindi, kwa kina Mwanaisha, kuitangulia posa yako, na jina lako limeandikwa mgongoni pake.

Arusi ikaja huku Kibokoni, nyumbani kwa mjomba wake. Ndoa ilifungwa msikitini, wanaume kwa wanaume, halwa ikaliwa, yakaisha. Ulipoingia ndani kumpa mkono bibi harusi, Shangazi Rukia alikuwa pale, maana ndiye somo wake aliyemfunda, na ndiye aliyenihadithia. Mwanaisha alifumbua macho akakutazama. Akamnong'oneza shangazi, "Huyu siye."

"Siye nani?"

"Siye wa kwenye picha."

Na shangazi, Mungu amsamehe, akamwambia, "Ndiye, mwanangu. Ni koti tu hakulivaa."

Kesho yake nikabisha mlangoni kwako na sinia la mahamri. Alifungua yeye. Aliponiona akaganda mlangoni. Wewe nyuma yake ulisema mengi. Tangu siku hiyo sikukanyaga kizingiti chako. Arusi za wanao nilikula barabarani, chini ya turubai, pamoja na wapita njia. Ukanizushia mtaani kuwa nina jicho la hasidi. Uso wangu uliuiba, kisha ukanifukuza kwa sababu ninao.

Sikumtaka mkeo, ajua Mola. Sikuwa hata namjua. Nilitaka picha yangu. Msumari wa mama ulikaa mtupu mpaka alipokufa, na hakukubali mtu aung'oe.

Wewe nawe ukaziharamisha picha. Kamera ikija wageukia ukuta. Simu za wajukuu waziba uso kwa kofia. Watu wakasema, huyo ni mcha Mungu. Nilikuwa nikicheka mpaka nakohoa.

Sasa, juma lililopita akanijia Swabra, mjukuu wako mkubwa. "Shikamoo, babu. Twataka kumtundika babu Omari sebuleni, na picha zake zote ni kofia tupu. Bibi ametoa hii sandukuni. Nyinyi mlikua naye. Ndiye?"

Nikaishika. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona. Macho yamefumbuka, Omari. Yamefumbuka kama ya samaki changu sokoni.

"Wewe waonaje?" nikamuuliza.

"Mwafanana sana, babu. Ila nyinyi mna kovu, yeye hana."

Fundi Jamali, Mungu ampe pepo yenye mabata!

Ukweli ulikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikakumbuka turubai. Nikakumbuka mama. "Damu moja, mjukuu wangu," nikasema. "Ipeleke ikuzwe. Na fremu usichukue ndogo."

Ikakuzwa kule Makupa, kubwa kama dirisha, fremu ya dhahabu. Jana, ulipomaliza kusomewa hitma, wakaitundika, na mimi nikaitwa. Mkeo akaletwa na bakora yake, akasimamishwa mbele ya picha.

"Bibi, ndiye?" akauliza Swabra.

Akaitazama picha. Akanitazama mimi, polepole, nyusi zangu na kovu langu. Akarudi kwenye picha.

"Ndiye," akasema. "Huyu ndiye niliyemkubali."

Kisha akanigeukia. "Kaeni, shemeji. Kiti hicho hakina mtu."

Basi nikakaa. Wajukuu wako watauamkia uso wangu kila wakipita kwenda shule. Wageni walisema, alikuwa mzuri marehemu. Sura yako wewe haikubaki popote, hata kwenye kitambulisho. Kile kilirudishwa serikalini. Na kabla hawajaanza kugongagonga ukuta wako nilimpa Swabra kitu nilichokuja nacho mfukoni, nikamwambia apigie hicho hicho. Kina kutu kidogo, lakini kimeshika.

Ni ule msumari wa mama.

Lala, Omari. Siku ya kufufuliwa njoo tugombane, utanitambua kwa sura.

Ni mimi mwana wa ami yako, niliye kitini kwako na ukutani kwako.