Mlango Unaoimba

Jumanne jioni

Papa ametoroka tena kwenye nyumba ya wazee, wamemkuta kituo cha tramu bila viatu, na muuguzi mkuu ananiuliza mimi: nani kampa namba za mlango? Si mimi! Papa amesahau hata jina langu. Ananiita Alto, sauti niliyoimba kwenye kwaya yake kule Lubumbashi. Namba nne atazishikaje?

Bon, leo nilikaa naye karibu na mlango huo wanaomfungia. Mfanyakazi akabonyeza namba, kila kitufe kikalia kwa sauti yake. Papa akaimba palepale: "So, mi, la, so." Akainuka, akatafuta vitufe kwa sikio, mlango ukafunguka.

"Alto, mulango inaimba muzuri," akasema. "Lakini wimbo ni mufupi."

Na mtunzi huyu wa nyimbo ndiye wanayemwandika kwenye faili kwamba anabwabwaja!

Nikawaeleza wauguzi kila kitu kwa hasira, mjinga mimi, nikidhani nitawanyamazisha. Wakanishukuru. Kabla sijavaa koti walishazima sauti ya vitufe.

Nimemwacha Papa amesimama mbele ya mlango, mikono juu kama mbele ya kwaya, akiungoja uanze.