Inchi Sita

Busia,
9 Februari 2025

Kwako binti yangu Lubna,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima. Mama yako ameacha kukohoa, na cherehani yake bado inapiga kelele barazani kutwa. Natumai joto la Mombasa halijakumaliza.

Naandika kwa sababu simu siiamini. Ukuta kati ya duka langu na la Okwara mbadilisha pesa ni bati tupu, na mimi nikishika simu mtaa mzima unajua. Barua nimempa Hamdan wa basi akuletee mkononi.

Kuna mtu amekuja hapa na mashine ya miguu mitatu. Anaitwa Dancan. Amepigilia kigingi mbele ya duka, hatua moja kutoka mlangoni, akanichekea: "Mzee, usijali, ni mambo ya mitaro ya mvua." Nilipomuuliza ametumwa na nani, akataja kampuni yako. Kwani wewe si uko huko kuwachorea watu wa pwani mitaro yao? Busia imeingiaje? Na mbona nasikia kwa Dancan, si kwako?

Baba yako,
Mbarak


Mombasa,
14 Februari 2025

Kwako baba,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, joto tu. Mpe mama pole ya kikohozi.

Ni kweli, kampuni imepata kazi ya Busia na mimi ndiye ninayechora. Hapa Mombasa tunapigana na bahari. Ikijaa inaziba midomo ya mitaro, na maji ya mvua yanarudi mitaani. Huko hakuna bahari, lakini maji yote ya barabara kuu huishia mtaa wetu. Sikukuambia mapema kwa sababu sikutaka ofisi iseme nawapendelea watu wa kwetu.

Kigingi ni cha kupimia tu. Dancan ataleta fomu. Kila duka liandike maji ya Mei mwaka jana yalifika wapi kutoka sakafuni. Hesabu yangu yote inakalia nambari hiyo. Watu wanakusikiliza wewe, baba. Wahimize waandike ukweli.

Mwanao,
Lubna


Busia,
21 Februari 2025

Binti yangu,

Assalaam alaykum. Hapa salama, mama yako anakusalimia.

Fomu zote kumi na moja zimejazwa. Tulikutana dukani kwangu tukamaliza kwa chai. Maji yalifika inchi sita. Pia nimepaka duka rangi, mpaka stoo, na mama yako anasema limependeza.

Sasa nijibu. Mchoro unapita wapi? Kila nikikuuliza unanipa habari za bahari.

Baba yako,
Mbarak


Mombasa,
27 Februari 2025

Kwako baba,

Assalaam alaykum. Natumai mmejiandaa vyema kwa Ramadhani.

Fomu kumi na moja, na zote inchi sita. Baba, Okwara ana ngazi tatu mlangoni na wewe huna hata moja. Hoteli ya Mama Vivianne iko bondeni. Maji yakituama, uso wake huwa sawa mtaa mzima. Yakiwa inchi sita kwa Okwara, kwako yamepita magoti. Mmekaa mkapatana nambari.

Tena mimi nilikuwa hapo Mei. Nilibeba magunia ya sukari na wewe, maji kiunoni. Kila Idd ulikuwa unatusimamisha kwenye mlango wa stoo, unakata alama ya vimo vyetu kwa kisu. Siku ile ulikata alama ya maji kwenye mlango huohuo, nikiangalia. Hiyo rangi mpya ni ya nini?

Siwezi kuandika nambari ya kukumbuka. Ofisi itauliza nimeitoa wapi.

Lubna


Busia,
5 Machi 2025

Lubna,

Salamu. Nimefunga, kwa hiyo sitasema mengi.

Umeniita mwongo. Sawa. Barabara ilipopanuliwa, kabla hujazaliwa, alikuja mtu wa tai, mpole kama Dancan wako. Akaniita boss, akaniomba nimshikie mita ya kupimia. Nikaishika, babu yako akiangalia kutoka kwenye kibanda chake. Mwezi mmoja baadaye tingatinga lilisimama palepale nilipokuwa nimeshika, likabomoa kibanda. Mzee hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Okwara anasema atakayeonyesha maji mengi ndiye atakayepitishiwa mtaro mlangoni. Sina sababu ya kumbishia. Nitajie mchoro unapita wapi, au usiniandikie tena.

Mbarak


Mombasa,
9 Machi 2025

Kwako baba,

Assalaam alaykum. Mungu aipokee saumu yako.

Unapita barazani. Unakata baraza lako, pale cherehani ya mama ilipo, na mabaraza ya wenzako wote kumi.

Ni zile inchi sita zilizouleta hapo. Kwa maji kidogo, mtaro mwembamba unatosha, na mahali rahisi ni mbele ya maduka. Maji ya kweli hayaenei humo. Yanahitaji mtaro mpana, na mpana hauna pa kupita ila ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa zamani wa malori, ambao ni ardhi ya serikali. Mkibaki na inchi sita, mtapoteza mabaraza na mvua itaingia vilevile.

Nilijua tangu fomu ziliponifikia. Nilinyamaza nikidhani nitarekebisha kabla hujajua. Nimekukosea, na nimefanya kama yule mtu wa tai. Lakini Alhamisi tarehe ishirini mchoro unaondoka mikononi mwangu.

Mwanao,
Lubna


Mombasa,
15 Machi 2025

Baba,

Salaam. Hamdan amefika mara mbili mikono mitupu. Anasema umemwambia hakuna mzigo. Kama ni hasira, ihifadhi, nitakuja kuipokea Idd. Nimebakiza siku tano.

Lubna


Busia,
18 Machi 2025

Binti yangu Lubna,

Assalaam alaykum. Sijaugua. Nilikuwa nazunguka mlango kwa mlango.

Hamdan akikupa mfuko, hesabu mbele yake: kamba kumi za katani. Mita siitaki tena. Mita ina nambari, na nambari mtu huibadilisha ofisini. Kila mmoja amekata kamba yake kutoka sakafuni mpaka maji yalipofika, na jina limefungwa kwenye ncha. Ndefu kuliko zote ni ya Mama Vivianne. Okwara amekataa. Anasema mimi na wewe tuna njama, na salamu yangu haiitikii.

Yangu ndiyo iliyochelewa. Nilikwangua mlango wa stoo kwa wembe siku mbili nikitafuta maji, nikakukuta wewe kwanza. L, Idd, miaka mitano. Alama ya maji iko shubiri moja chini yake, penye kidevu chako. Nikakaa sakafuni mpaka mama yako akaja kuuliza kama saumu imenishinda. Niliandika inchi sita, Lubna, na mlango nilikuwa nao.

Mchoro mpya ukiisha, nitumie nakala yenye sahihi yako. Si kwamba sikuamini.

Idd uje. Mlango sitaupaka tena rangi.

Baba yako,
Mbarak