Mkono wa Saba

Tarehe 3 Aprili 2019. Huu ni mwaka wa arobaini na saba tangu niondoke Buyenzi, Bujumbura, na wa thelathini na nane nikiishi juu ya kilima hiki, kaskazini mwa jimbo la New York.

Bi Kidawa, mshauri wetu, salamu nyingi. Kipindi chako cha redio nakisikiliza kwenye simu kila Jumamosi, nakusikia ukiwakemea wanaume walioficha wake na wake waliopekua simu za waume, na sikudhani hata siku moja kwamba mzee wa miaka sabini na moja angekuja kukulilia kwa ajili ya bajeti ya shule. Lakini nimekwama, na naomba unijibu kabla ya tarehe kumi na sita, kwa maana siku hiyo nitatakiwa kuinua mkono na mkono wenyewe umegoma.

Nilifundisha hesabu katika shule kubwa ya mjini hapa hadi nilipostaafu, kisha majirani wakanichagua kuingia bodi ya shule za wilaya. Tuko saba, hatulipwi, na kazi yetu kubwa kila mwaka ni kupanga bajeti na kuipeleka kwa wananchi waipigie kura mwezi wa tano. Shule zetu zinaishi kwa kodi ya nyumba na mashamba, na sheria ya jimbo imeweka ukomo: kodi hiyo isipande zaidi ya kama asilimia mbili kwa mwaka, na bodi inayotaka kuuvuka ukomo lazima ipate watu sitini katika kila mia wa kuikubalia. Miaka mitatu iliyopita bei ya maziwa ilianguka, wafugaji wakasimama mbele yetu kofia mkononi wakaomba wapumzishwe, na bodi ikawahurumia, kodi haikupanda hata senti. Watu walipiga makofi na kutuletea keki za tufaha majumbani. Kumbe sheria huhesabu ukomo wa mwaka huu kutokana na ulichokusanya mwaka jana, kwa hiyo ukisamehe mara moja umesamehe moja kwa moja, ila kipande kidogo tu unachoruhusiwa kukidai mwaka unaofuata. Tangu hapo kila majira ya kuchipua tunaanza tukiwa ndani ya shimo. Tumemwondoa mwalimu wa muziki, tumefunga maktaba siku tatu kwa wiki, tumeacha paa livuje, na sasa kilichobaki cha kukata ni shule yenyewe, shule ndogo ya hapa kilimani, ya watoto sitini na kitu, ambayo kengele yake naisikia nikiwa kitandani.

Wenzangu watatu wanataka ifungwe ili tubaki ndani ya ukomo. Watatu wanataka tuuvuke ukomo na kuwaomba wananchi wale sitini kwa mia. Mkono wa saba ni wangu. Mwezi uliopita tulikutana na wananchi katika ukumbi wa michezo, na kijana mmoja fundi bomba akapaza sauti kutoka nyuma, "Uzeni kwanza ule ubao wa matokeo wa uwanjani!" Mwenyekiti akamjibu kwamba ubao ulitolewa bure na benki. "Basi warudishieni benki, watupe mwalimu!" Ukumbi mzima ukacheka, hata mimi nikacheka, kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kulia kimyakimya na kicheko kikakatika.

Mkuu wa elimu wa wilaya, Carol Vandermark, aliniita pembeni baada ya mkutano. "Zuberi, wewe ni mtu wa hesabu," akaniambia. "Mwaka jana bajeti ilikuwa ndani ya ukomo na bado waliosema ndiyo walikuwa hamsini na wawili kwa mia. Ukienda kuwaomba sitini wakakataa mara mbili, sheria inatupa bajeti ya dharura. Kodi haipandi kabisa. Shule ya kilimani inafungwa vilevile, na chekechea yote ya wilaya inafuata." Nikamwuliza itakuwaje nisipokuwepo siku hiyo. Akajibu, "Watatu kwa watatu, hakuna kinachopita. Tutaangukia huko huko."

Jirani yangu ni Dale Hotchkiss, mfugaji, mtu aliyenifundisha kuchemsha utomvu wa miti hadi ukawa mzito na mtamu kama asali, tena mwaka ambao hakuna mwingine hapa aliyenibishia hodi. Mkewe Lorraine ndiye mpishi wa shule hii ya kilimani. Jumapili walinikaribisha chakula, na kabla sijashika uma Dale akaanza, "Zube, ukinipandishia kodi tena nauza ng'ombe."

"Usimsikilize huyu," Lorraine akasema. "Tangu anioe anauza ng'ombe. Hajauza hata mkia."

"Safari hii nauza."

"Uza basi, tupate usingizi. Lakini shule ikifungwa, bwana wewe, nitakuwa nakaa humu ndani na wewe kutwa nzima. Umelipigia hesabu hilo?"

Tulicheka, lakini hakuna aliyemtazama mwenzake, na nikajua kwamba nyumba ile ina kura mbili zinazolala kitanda kimoja, na kwamba yote mawili wanayoniomba ni haki yao.

Sasa nikuambie nisilomwambia yeyote. Dada yangu Mwamini amenitengea chumba nyumbani kwake Buyenzi tangu vita vilipoisha, na kila Ijumaa hubadilisha mashuka ya kitanda changu, kisha hunipigia simu kunijulisha kwamba yamebadilishwa. Wiki iliyopita nilikata tiketi. Ni ya kwenda tu, haina kurudi, na ndege yaondoka tarehe kumi na tano, siku moja kabla ya kura. Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la nne, walimu wenzangu wakaanza kuitwa mmoja mmoja ofisini na kupakiwa garini wasirudi, na asubuhi moja niliacha chaki mezani nikapitia nyuma ya vyoo nikaenda zangu ziwani nikavuka, sikumuaga hata mtoto mmoja, na shule ile sikuiona tena ikifunguliwa. Vipi leo mkono wangu mwenyewe ufunge shule? Na nikikataa, nikawapeleka kwenye bahati nasibu watoto wa wilaya nzima? Nimechoka, Bi Kidawa. Nyumbani wananiita. Niambie tu niende.

Wako,
Zuberi wa Kilimani

*

Mzee wangu Zuberi, shikamoo. Nimetanguliza shikamoo kwa sababu nikishaanza sitasimama.

Pole, na pole yangu si ya mdomoni. Mtu aliyeona shule ikitolewa walimu mmoja mmoja hawezi kusikia neno "kufunga" kama wengine wanavyolisikia. Ungeniandikia kwamba unalia, ningekwambia lia. Lakini umeniandikia kwamba umekata tiketi.

Hebu nikuulize. Mwamini amekutengea chumba tangu vita viishe. Miaka yote hiyo ndege zilikuwa zinaruka, na wewe pensheni unayo. Imekuwaje hamu ya nyumbani ikushike kooni wiki ileile ambayo majirani zako wanauhitaji mkono wako? Hamu naijua, mzee wangu, na mimi pia nimetoka kwetu. Hamu haina tarehe. Hiyo yako ina tarehe, tena umeipanga siku moja kabla ya kura. Buyenzi usiifanye mlango wa nyuma.

Na usizichanganye shule mbili. Ile ya kwanza uliikimbia kwa sababu ukibaki ungeuawa, na hakuna mwenye akili atakayekulaumu, acha kujilaumu na wewe. Hii ya pili hakuna anayekufukuza. Hapa utakayemkimbia ni Lorraine.

Hesabu umeifanya mwenyewe kwenye barua, sijui kwa nini unataka mimi nikusomee jibu. Hamsini na wawili hawageuki kuwa sitini kwa sababu wewe unawahurumia. Mlihurumia watu mara moja bila kutazama mbele, na leo mnailipa huruma ile kwa shule. Mkiwahurumia tena kwa mtindo uleule mtailipa kwa chekechea. Ipo siku kazi ya mtu mzima ni kuchagua hasara ndogo, na kukaa karibu nayo akiitazama. Kwa hiyo inua mkono wako. Funga shule. Hata mimi kulisema hili kwenye redio kumenielemea.

Ila sikuachi hapo. Kabla ya tarehe kumi na sita nenda kwa akina Hotchkiss. Usipige simu, nenda kwa miguu yako, ukae jikoni, umwambie Lorraine kwanza, kwa sababu kazi ni yake. Mambo ya ukomo usimweleze mpaka aulize. Siku ya mwisho ya shule simama mlangoni, watoto watoke wakikuona, uwaage hao kwa niaba ya wale ambao hukuwaaga. Na watoto wa kilimani watakapoanza kupelekwa mjini kwa basi, wadogo wa miaka mitano, alfajiri, kwenye theluji yenu hiyo, dai awepo mtu mzima ndani ya basi. Wakisema fedha hakuna, wewe umestaafu na miguu unayo. Panda.

Kisha mpigie dada yako umwambie kweli, uache kumwambia kila mara kwamba utakuja mwakani. Bibi wa watu anafua mashuka ya kitanda kisicholaliwa. Kama utakwenda, nenda ukiwa huru, siku ambayo hakuna anayekungoja hapo ulipo. Kama hutakwenda, mwachie chumba chake.

*

Tarehe 27 Juni 2019.

Bi Kidawa, nilirudisha tiketi, wakanikata sehemu ya fedha. Nilikwenda kwa akina Hotchkiss na nilimwambia Lorraine kwanza. Hakuuliza kitu. Aliendelea kumenya viazi hadi sufuria ikajaa, viazi vya watu kumi kwa nyumba ya watu wawili, kisha akasema, "Angalau wewe umekuja. Wenzako wangeniletea barua."

"Na kodi je?" Dale akauliza.

"Itapanda kidogo. Ndani ya ukomo."

"Basi mimi nimeshinda," akasema, akatoka kwenda kwa ng'ombe wake kwenye tope, miguuni amevaa kandambili za ndani. Hajapita kwangu tangu siku hiyo, ila juzi niliukuta uzio wangu uliokuwa umelala umesimamishwa.

Mkono niliuinua. Mwezi wa tano wananchi waliipitisha bajeti, na jana shule ilifungwa. Nilisimama mlangoni kama ulivyoniagiza. Watoto walinipa mkono mmoja baada ya mwingine kwa sababu mwalimu wao aliwaambia wafanye hivyo, wengi hawakunijua mimi ni nani, na mikono yao ilikuwa inanata kwa barafu tamu ambazo Lorraine aliwagawia zikawa za mwisho. Yeye alitoka baada yao wote, akiwa amebeba sufuria yake mwenyewe aliyokuja nayo. Septemba nitapanda basi. Nimeshaonyeshwa kiti, kiko nyuma ya dereva.

Leo asubuhi nimempigia Mwamini. Nimemwambia atandue kitanda kile na chumba ampe mjukuu wake. Nikasikia watu wakipita barabarani kwao. Kisha akaniuliza kama huku kuna baridi. Nikamwambia hapana, ni kiangazi.

Sitarudi.