Mfupa wa Jeniffer

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimetoka hospitali na Jeniffer. Mtoto wa miezi minne, siku sita hana choo, tumbo ngoma! Eksirei imeonyesha mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo ni nusu tu, umepinda kama mundu. Kazaliwa hivyo. Tulipofika nyumbani, mama mkwe akatangaza palepale, mbele ya majirani: ni zile sindano zangu za uzazi wa mpango. Eti mwanawe aoe mwingine, mwenye tumbo safi. Krispini, mume wangu? Anakula wali!

Jumatano, 11 Juni
Daktari Rehani kasema si sindano, si chakula, si kosa langu. Mara nyingi tatizo hili liko kwenye jeni, linatoka kwa mzazi mmoja, na mwenyewe anaweza asijue — labda choo kinamsumbua tu tangu utotoni. Wakati mwingine linaanzia kwa mtoto. Jeniffer atapelekwa Mwanza kwa upasuaji. Sisi wazazi tupigwe picha wote wawili. Mimi nimepigwa leoleo. Mgongo wangu mzima. Mzima!

Choo tangu utotoni... Miaka saba namchemshia Krispini sanamaki ya kulainisha choo kila wiki!

Jumamosi, 14 Juni
Krispini hataki. Eti yeye anabeba magunia ya mpunga, mgongo gani tena wa kupiga picha? Nimebamiza mlango.

Jumapili, 15 Juni
Nimemsikia mama mkwe uani, anaongea kwenye simu na mdogo wake wa Kibaoni. Kasema Jeniffer ni kama yule mtoto wake wa kwanza, naye tumbo lilimjaa hivihivi mpaka wakamzika.

Yule wa kwanza! Kumbe anajua! Wiki nzima ananitangaza mtaa mzima wa Ilembo — na anajua! Basi.

Jumanne, 17 Juni
Niko kwenye benchi la hospitali, Jeniffer mapajani. Krispini kaja. Nilimwambia asipokuja naondoka na mtoto kwetu Ikola, asinifuate. Mama mkwe naye katufuata. Anapiga kelele mbele ya foleni: usiingie baba, watakutia aibu bure, mwenye kasoro ni huyu mwanamke.

Nikasimama.

"Mama, yule wa kwanza aliitwa nani?"

Nikarudia, kwa nguvu. Watu wanatutazama. Watazame!

Mama mkwe kashika ukuta, kakaa chini sakafuni. Mtu mzima yule. Nilidhani nitafurahi. Sijafurahi, na hasira haijaisha.

"Dorice," kasema.

"Dorice nani?" Krispini kauliza.

Mpiga picha katoka, anaita jina la Krispini. Kaita tena. Mama mkwe kajifunika uso na kanga, analia. Krispini kainuka, anafungua mkanda wa suruali tayari kwa picha, macho kwa mama yake.

"Dorice nani, mama?"