Kina cha Udongo Mlangoni

Jumatatu, 8 Mei 2006
Saa ya chakula tena mbele ya kompyuta. Sandwichi kavu. Bosi ananiruhusu kutumia programu ya ofisi ya kupima ardhi kwa uwanja wa kanisa letu kule mtaa wa Kings Heath, mradi kazi zake za Harborne zisilale. Uwanja una mwinuko kona ya juu na bonde mlangoni. Programu inalinganisha ardhi ilivyo na ardhi tunayoitaka. Nyekundu, chimba. Buluu, jaza. Nikigusa popote inanipa kina. Mbele ya ngazi za mlango: sentimita sitini za kujaza. Macho yanawasha. Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshaisha.

Jumatano, 10 Mei
Udongo wa mwinuko unatosha bonde. Karibu sawasawa. Nimecheka peke yangu, mwenzangu wa meza ya pili akanitazama. Tangu Mama apooze miguu, kila Jumapili wanaume wanne wanamnyanyua na kiti chake kupanda ngazi. Anachukia. Mimi hutangulia ndani kumtafutia nafasi. Tukijaza pale, kiti kitaingia kwa magurudumu yake. Ndicho ninachotaka, sina kingine.

Ijumaa, 12 Mei
Ramani imechapishwa. Pasta ametangaza salongo, kazi ya pamoja: kesho kanisa zima na makoleo, kama kule kwetu Bukavu. Kila familia ina kipande chake. Papa Faustin, kiongozi wa kwaya, kapewa buluu, mlangoni. Nimeeleza rangi. Wote wakasema amina. Haraka mno.

Jumamosi, 13 Mei
Msaidizi wa Mama hakutokea. Nilimwogesha, nikamlisha, nikafika uwanjani mchana. Mlangoni pana shimo.

Shimo! Papa Faustin katapakaa tope, anatabasamu. Wenye nyekundu walikuwa wanachimba. Wenye buluu hawakuwa na udongo wa kujaza bado. "Tungebaki tu kuangalia benzetu banatumika? Ingekuwa haya, fils." Fils, mwanangu, ndivyo aniitavyo. Basi wakachimba nao. Udongo wote, wa juu na wa chini, wakaurundika kwenye kontena la taka, na lori likaja likalichukua. Kwenye programu kuchimba na kujaza hutokea kwa mpigo mmoja. Hakuna anayesimama mikono mitupu mbele za watu. Hilo sikuliwaza. Nimelia chooni.

Jumapili, 14 Mei
Nilimweleza Mama. Wameweka ubao juu ya shimo, atabebwa kama kawaida. Akageuza kiti, akatazama dirishani. Hatukwenda.

Jumatano, 17 Mei
Nimepima upya, nimeingiza vipimo. Mlangoni sasa kina cha kujaza kimepita mita. Nyekundu imekwisha. Skrini nzima buluu. Bosi alichungulia: "That's a lot of blue, that." Akaenda kuchemsha chai. Pasta anasema udongo wa kununua ungoje, labda mwakani. Namchukia Papa Faustin. Kesho atanipigia simu kuuliza hali ya Mama, kama afanyavyo kila Alhamisi. Hata kumchukia kunachosha.

Jumapili, 21 Mei
Mama alikuwa ameshavaa kitenge cha kijani kabla sijaenda kumwamsha. Tukaenda.

Mlangoni wanaume wanne walisogea, Papa Faustin mbele, hanitazami. Mimi nilikwishaanza kupita ndani. Mama akaniita kwa jina langu la nyumbani. "Bale haiko batoto yangu. Weye njo utanibeba."

Mwanawe ni mimi. Nikarudi. Nikachuchumaa, wakamweka mgongoni kwangu. Ubao ulinesa. Mama ni mzito, sikujua. Ngazi ya tatu nilisimama kuvuta pumzi, naye akangoja. Kisha tukaingia.