Nililala Magofuni kwa Ajili ya Mama Yako

Ligurio,
14 Septemba 1987, Sikukuu ya Msalaba.

Mpendwa mjukuu wangu Argiro,

Hujambo, mwanangu? Mumeo Lefteris hajambo? Na Diamanto mdogo, ameshaota meno? Huko Australia baridi imepungua? Mimi nipo, magoti mabovu, mdomo mzima. Anayeandika ni jirani Poliseni, maana mimi shule sikuiona. Nimemwambia asilainishe neno hata moja.

Mama yako anakufa. Alinikataza nisikwambie, nikaapa mbele ya picha ya Bikira. Kiapo nimekivunja. Dhambi ni yangu, nitaibeba mwenyewe.

Ni kifua. Tangu Agosti hajainuka. Madaktari wamemrudisha nyumbani, nasi tunajua maana yake. Nimemtundikia Mtakatifu Marina nadhiri, mfano wa kifua uliochongwa kwa bati la fedha, nimetambaa kwa magoti mpaka mlango wa kanisa lake. Kimya.

Basi leo sikwenda kanisani. Nimekwenda kwenye magofu ya Asklepio. Usicheke. Wagonjwa wa kale walilala pale, na huyo mungu wao wa tiba akawajia ndotoni, yeye au nyoka wake, na kuwapa dawa. Mama yako hawezi kutembea, kwa hiyo nilichukua kitambaa chake cha kichwa, nikavua viatu, nikakitandika juu ya mawe chini ya misonobari, nikalala badala yake.

Mlinzi akaja mbio. "Bibi, inuka! Hapa si hotelini! Mawe haya yana miaka zaidi ya elfu mbili!"

"Hata mimi si wa jana. Na wewe Thanasi, niliyekuogesha ukiwa mwekundu kama kitoto cha panya, usinipigie kelele."

"Haya, unaumwa nini?"

"Siumwi mimi. Anaumwa binti yangu Diamanto."

Akavua kofia. Akasimama pale pale kuwazuia watalii wasinipige picha.

Usingizi ukanichukua. Mungu hakuja, wala nyoka wake. Nilimwona mama yako ameketi kitandani anakunywa supu, na kijiko umekishika wewe. Labda ni njaa tu, maana leo tumefunga. Sijui. Dawa nyingine sina.

Njoo, Argiro. Mlete na mtoto. Ana jina la bibi yake, na mwenye jina hajampakata hata mara moja. Usiniachie mimi kazi ya kumwonyesha kaburi.

Kitambaa nimemrudishia. Amekinusa, akasema, "Mama, kinanukia misonobari. Ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikiangusha njiani. Amekikumbatia mpaka sasa. Njoo kabla harufu haijaisha.

Msalimie Lefteris na mjomba wako Panos. Bikira akufungulie njia, akushike mkono mpaka kizingiti changu.

Bibi yako akupendaye hata akikukaripia,
Evanthia