Upepo wa Matairi

Kaka yangu,

Huku tupo, ila tumechoka. Umeuliza tena kwa nini gari lako la haibridi, lililokuwa linakwenda kilomita ishirini na mbili kwa lita, sasa linakwenda kumi na tano. Eti nani anazurura nalo mjini? Nani ana nguvu za kuzurura, Kaka?

Kwanza, petroli ya kituo cha jirani ilikuwa imechakachuliwa. Nilipohama kituo, tukapanda hadi kumi na nane. Zilizobaki zimeliwa na matairi. Fundi alipopima upepo aliguna: "Dada, tairi likilegea, injini inakokota mzigo. Nani kalitoa upepo hivi?"

Ni mimi. Tairi likiwa gumu, kila shimo la njia ya hospitali linamfanya Mama ang'ate kitambaa asilie. Likilegea, husinzia kidogo. Alinikataza nisikwambie, unamjua.

Jana daktari alisema tusimpeleke tena, tukae naye tu nyumbani. Leo asubuhi nimejaza upepo matairi yote manne. Gari sasa halili mafuta. Njoo nikupokee nalo, uwahi.

Mdogo wako